Akina mama waliozidiwa na pombe: je, malezi ya vijana wao yasubiri hadi waache kunywa?

MhudumuWaKata

Habari zenu wanajukwaa, na shikamoo kwa wakubwa zangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, na ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kata moja ya mlimani, mkoani Kilimanjaro. Nimekuja kwenu na jambo ambalo limenikaa kooni tangu shule zifunguliwe.

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikikutana kila Alhamisi na akina mama sita ambao pombe imewazidi nguvu. Wanne kati yao hupika mbege, kwa hiyo pombe kwao ni kazi kabla haijawa kinywaji. Anayeujua upishi wa mbege anaelewa kwamba mpishi huonja tangu mwanzo: huonja maji ya ndizi yaliyochachuka, huonja uchungu wa magome ya mti wa msesewa, huonja tena akishachanganya uji wa kimea cha ulezi, na siku ya kuuza hunywa wa kwanza mbele ya wateja ili waridhike kuwa pombe ni salama. Jua likifika utosini ameshamaliza kata tatu, yaani vibuyu vitatu vya kunywea, na hakuna hata moja anayoihesabu kuwa alikunywa, kwa sababu mwenyewe anasema alikuwa anaonja tu. Fedha za mbege hiyo hiyo ndizo zinazonunua sare, madaftari na chakula cha mchana shuleni. Wawili waliobaki hunywa gongo, pombe kali ya kienyeji, na hali zao ni nzito zaidi.

Wote sita wana watoto wa kati ya miaka 13 na 17. Nilipoanza nilidhani kazi yangu ni kuwasaidia waache pombe, na kwamba malezi yatajinyoosha yenyewe baadaye. Sasa naona sivyo. Mmoja wao ana wiki 11 bila kunywa, lakini nyumbani kwake kuna ugomvi kuliko zamani. Binti yake wa miaka 15, ambaye kwa miaka mitatu ndiye aliyepika, aliyewafulia wadogo zake na kumfungulia mama mlango usiku wa manane, hakubali kuamrishwa na mtu ambaye, kwa maneno ya binti mwenyewe, "amerudi jana." Mwingine bado anakunywa, na mwanawe wa miaka 14 ameanza kushinda kilabuni akiosha vyombo, kisha analipwa kwa pombe.

Naomba msaada wenu. Je, nisubiri mama aache pombe kwanza ndipo nizungumze naye habari za kulea? Kama si lazima kusubiri, nimfundishe nini mama ambaye ifikapo saa 2 usiku hawezi kumsikiliza mtu? Na huyu kijana nimweke wapi katika kazi hii? Ninaomba majibu ya watu waliowahi kulifanya jambo hili au kulipitia wenyewe.

MzeeWaUsharika

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kazi unayoifanya.

Mimi nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka 22 na nimeketi katika vikao vingi vya kusuluhisha nyumba zilizoharibiwa na pombe. Nitakuambia ninavyoamini bila kuzunguka. Mama aache kwanza. Mtu aliyelewa hawezi kumwonya mwanawe, na akijaribu atazidi kujidhalilisha, kwa kuwa mtoto atamjibu kwa jambo analoliona kwa macho yake. Nimeona akina mama wakiapa madhabahuni Jumapili na kuonekana kilabuni Jumanne, na kila kiapo kinapovunjika mtoto husogea hatua moja mbali na mama yake. Usimfundishe malezi mtu ambaye bado anazama. Mtoe majini kwanza.

MuuguziAfyaYaAkili

Mzee wangu, shikamoo. Nakuheshimu, na kuhusu viapo nakubaliana nawe kabisa, lakini katika suala la kusubiri nina mawazo tofauti, ambayo nitayaeleza baada ya kusema jambo la haraka zaidi.

Dada, miongoni mwa hao sita, wale wawili wa gongo usiwaambie waache ghafla wakiwa nyumbani. Waulize maswali haya taratibu: je, asubuhi mikono hutetemeka hadi atakapozimua? Je, amewahi kuanguka degedege au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni siku alipokosa pombe? Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa kwa ghafla huanza kutetemeka, kutoka jasho na mapigo ya moyo kwenda mbio ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho. Degedege, kama itatokea, mara nyingi hutokea katika saa 48 za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huchanganyikiwa kabisa, wakapata homa, na wengine hufa. Hospitalini tunao uwezo wa kuzuia hayo kwa diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa siku hadi siku na kwa vitamini B1, ambayo hupungua sana mwilini mwa mtu anayekunywa bila kula. Nayasema haya kwa sababu nimempokea mama aliyefungiwa chumbani na ndugu zake "ili aache," na aliyemleta alikuwa kijana wake wa miaka 16, akiwa amembeba mgongoni. Kijana huyo aliniuliza mara mbili kama yeye ndiye aliyemuua mama yake, wakati mama yake alikuwa hai na anapumua mbele yetu.

Kwa wale wanne wa mbege, tumia dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani. Lina maswali 10, kila moja lina alama 0 hadi 4, na huchukua dakika chache. Alama 8 na kuendelea zinaonyesha unywaji hatarishi, na alama 20 na kuendelea ni za mtu anayepaswa kuonwa na daktari kwa tathmini kamili. Unapouliza kiasi, usiulize "unakunywa bilauri ngapi," bali uhesabu kata kwa kata tangu siku ya kupika hadi siku ya kuuza, pamoja na za kuonja. Waambie pia ukweli ambao akina mama wengi hawajawahi kuambiwa, kwamba mwanamke akinywa sawa na mwanamume wa uzito uleule, pombe hupanda zaidi katika damu yake, kwa sababu mwili wake una maji machache zaidi, na ini lake huweza kuharibika mapema zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo sitalinyamazia. Humu mitandaoni wapo wanaouza unga "wa kuacha pombe" unaowekwa kwenye chai bila mhusika kujua. Tafadhali kijana asishawishiwe kumwekea mama yake. Baadhi ya dawa za kweli za aina hiyo, kama disalfiramu, zikikutana na pombe mwilini husababisha kutapika, kushuka kwa shinikizo la damu na hata kifo, na kwa hiyo hutolewa kwa mgonjwa anayejua anachomeza na aliyekubali.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Usisubiri. Ninapomuuliza mama kwa nini angependa kupunguza pombe, ni wachache wanaotaja ini. Wengi hutaja mtoto. Sasa nikimwambia kwamba habari za mtoto tutazizungumza baadaye, atakapokuwa msafi, nimemnyang'anya sababu pekee aliyokuja nayo.

MamaAliyerudi

Nimesoma hapa nikasita kwa siku mbili kabla ya kuandika, kwa sababu mimi ndiye huyo mama mnayemzungumzia. Nilikunywa kwa miaka tisa. Leo nina miaka minne bila pombe, binti yangu amemaliza kidato cha sita, na anajua kwamba ninaandika haya.

Mimi ni fundi cherehani. Sikuwa mlevi wa kulala mitaroni, na hilo ndilo lililonidanganya kwa muda mrefu, maana nguo za wateja zilitoka kwa wakati. Nyumbani ndiko nilikoharibu. Mpaka leo naweza kuwaeleza nilivyokuwa: usiku nilikuwa simba na asubuhi nikawa asali. Usiku nilimtukana binti yangu kwa sufuria ambayo haikusuguliwa vizuri. Asubuhi nilikuwa naona haya, nampa fedha, namruhusu kwenda popote, na siulizi atarudi saa ngapi. Alipofika miaka 14 alikuwa ameshajua ratiba ya majuto yangu. Akitaka jambo gumu, aliliomba asubuhi baada ya usiku mbaya, kwa kuwa alijua siwezi kukataa. Watu walisema binti amekuwa mjanja. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Usiku mmoja niliamka nikitaka kutoka nikaongeze, nikakuta mlango umefungwa na ufunguo hauonekani. Nilitafuta juu ya kabati na chini ya godoro langu. Kisha nikaenda chumbani kwake na taa ya simu, nikaona ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga aliyojifunika, fundo juu ya fundo, na pindo lenyewe amelishika mkononi akiwa usingizini. Mtoto wa miaka 14 alikuwa analala na ufunguo mkononi ili mama yake asipotee. Sikuufungua ule ufunguo. Nilikaa sakafuni pale hadi kulipokucha.

Sikuacha pombe siku ile, Mzee, na ningekuwa mwongo kama ningesema niliacha. Nilichukua miezi mingine saba, kwa msaada wa mshauri nasaha wa hospitali na wa mwanamke mmoja aliyenitangulia. Lakini malezi yalianza asubuhi ile. Nilimwambia binti yangu kwamba kufunga mlango ni kazi yangu, na kwamba nimempa dada yangu anayekaa nyumba ya tatu ufunguo wa pili na kumwomba awe anapita saa 3 usiku, niwe nimekunywa au sijanywa. Hakunijibu kitu.

Mshauri wangu alinikataza kusema "sitakunywa tena." Alisema ahadi hiyo mtoto ameshaisikia mara nyingi, na kila ikivunjika mama hupoteza hata kile kidogo alichobaki nacho. Akaniambia nitafute ahadi ninayoweza kuitimiza kesho, nikiwa hata na kichwa kizito. Nikachagua hii: kila siku saa 12 asubuhi nitakuwa nimewasha jiko na uji upo. Kwa wiki tatu binti yangu alikuwa anatoka chumbani, anachungulia jikoni kana kwamba anahakikisha, kisha anaondoka kwenda shule bila kunywa uji. Wiki ya nne alikuja na kikombe chake mwenyewe, akavuta kigoda, akaketi. Hatukuzungumza siku ile. Ila tangu hapo ndipo maneno yakaanza kurudi, machache, mengi ya kulalamika, na mimi nikajifunza kuyasikiliza malalamiko bila kujitetea.

Na yule binti wa miaka 15 unayemtaja, dada, mimi namwelewa. Amekuwa mama wa nyumba kwa miaka mitatu. Mama yake akiingia sasa na kuanza kutoa amri, binti husikia kama anaambiwa kwamba miaka yake mitatu haikuwa kitu. Mama amshukuru kwanza, kwa kazi moja moja, akizitaja kwa majina: uliwafulia wadogo zako, ulinifungulia mlango, ulinidanganyia kwa mwalimu ili nisiaibike. Mimi nilichukua siku nzima kulisema hilo la mwalimu, kwa sababu lilikuwa kweli.

Mwezeshaji

MamaAliyerudi, asante sana. Nimewasomea maneno yako kuhusu ufunguo wenzangu wawili ninaofanya nao kazi, na tumekaa kimya kwa muda.

Nami niongeze kutoka upande wa mafunzo. Kuna programu ya malezi kwa familia zenye vijana iliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na vyuo vikuu kadhaa, ikajaribiwa katika jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini kwa jina la Sinovuyo Teen, maana yake kwa Kixhosa ni "tuna furaha." Walishirikisha familia 552 katika vijiji na vitongoji 40, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Kwetu Tanzania iliingia kwa jina la Furaha. Ni vipindi 14 vya kila wiki, katika 10 mzazi na kijana hukaa pamoja na katika vinne hukaa mbalimbali, na waendeshaji ni watu wa kawaida wa jamii waliofunzwa, kama wewe, dada.

Naitaja kwa sababu ya jambo moja linalojibu swali lako. Familia zile hazikuchaguliwa kwa sababu ya pombe, zilichaguliwa kwa sababu nyumbani kulikuwa na ugomvi kati ya mzazi na kijana. Hakuna aliyeambiwa aache pombe kwanza. Lakini miezi kadhaa baadaye, pamoja na kupungua kwa vipigo na matusi, wazazi na vijana wenyewe waliripoti kwamba matumizi yao ya pombe na dawa za kulevya yalikuwa chini kuliko ya wale ambao hawakupata mafunzo, na msongo wa mzazi ulikuwa umepungua. Kwa hiyo njia hizi mbili zinasaidiana, na anayeanzia kwenye malezi hajakosea mlango.

Katika vikundi vyangu, kwa akina mama wanaokunywa, nimebadilisha baadhi ya mambo, na haya ni ya kwangu, si ya kitabu. La kwanza ni saa. Vitabu vingi vya malezi huelekeza mazungumzo ya jioni baada ya chakula, na kwa mama anayekunywa jioni hiyo ni saa mbaya kuliko zote. Tunakaa na kila mmoja kutafuta saa yake safi, hata kama ni nusu saa kabla ya shule au njiani kwenda kukata majani ya ng'ombe, na tunaweka malezi yote humo. La pili ni kanuni ambayo akina mama wenyewe waliitunga, kwamba neno la usiku husemwa asubuhi. Kijana akichelewa kurudi, akivunja kitu, akijibu vibaya, mama aliyekunywa hamwadhibu wala hamhoji usiku ule. Anasema sentensi moja tu, "Tutazungumza kesho asubuhi," na kesho anazungumza kweli. Sharti liko hapo kwenye kesho, kwa sababu akinyamaza kwa aibu, kijana hujifunza kwamba usiku hauna sheria. Mama mmoja wa kikundi changu alikuwa anaandika neno moja kwa mkaa ukutani karibu na jiko, ili asisahau asubuhi ni jambo gani analopaswa kulisema.

La tatu ni yale maswali ya kila mzazi wa kijana: yuko wapi, yuko na nani, atarudi saa ngapi. Mama mwenye majuto huogopa kuuliza kwa kuwa anaona hana haki. Tunafanya mazoezi ya kuigiza, mmoja akiwa kijana na mwingine mama. "Kijana" akisema "Wewe mlevi utaniambia nini," mama anajifunza kujibu kwa sauti ya kawaida: "Ni kweli ninakunywa na ninatafuta msaada. Lakini mimi ni mama yako, na utarudi saa 12 jioni." Mara ya kwanza wengi hulia katikati ya sentensi. Mara ya tano wanaimaliza.

Kuhusu kijana wa miaka 14 anayelipwa kwa pombe, usilichukulie kama sehemu ya malezi tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia au kumpa mtoto pombe, na mwenye kilabu anapaswa kusikia hivyo kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji na afisa ustawi wa jamii wa kata. Mama ashirikishwe katika hatua hiyo na aende pamoja nao ikiwezekana, ili mwanawe aone kwamba mama ndiye aliyesimama mlangoni kumtoa.

KijanaWaKiambu

Hamjambo nyote. Ninaandika kutoka Kenya. Mamangu alikunywa chang'aa, gongo ya kwetu, tangu nilipokuwa darasa la sita, na alifariki nilipokuwa na miaka 19. Sasa nina miaka 31 na wanangu wawili.

Ningependa kuzungumza kwa niaba ya yule kijana, kwa kuwa katika majadiliano kama haya kila mtu huuliza mama afanye nini, na kijana hubaki kama shahidi. Mimi nilikuwa mlinzi. Nilijua mlio wa hatua zake akiwa njiani, na kwa mlio huo nilijua kama tutakula au tutajificha. Niliacha kuwaleta marafiki nyumbani. Asubuhi mikono yake ilipotetemeka nilitumwa kumnunulia cha kutoa loki, yaani pombe ya kuzimua, na nilienda, kwa sababu niliogopa atakufa nisipoenda. Hilo la kutumwa ndilo ambalo hadi leo huniamsha usiku. Tafadhali, kama kuna jambo moja tu ambalo akina mama hao sita wanaweza kukubaliana kulifuata kuanzia Alhamisi ijayo, liwe hili: mtoto asitumwe pombe kamwe, hata kama mama bado anainywa.

Nilichohitaji sana ni mtu mzima mmoja anayejua. Mwalimu wetu wa ushauri nasaha alikuwa anajua, na hakunihubiria wala kunihurumia mbele ya wenzangu. Aliniambia maneno ambayo baadaye nilikuja kuyasikia tena katika mafundisho ya vikundi vya Al-Anon, vya jamaa za walevi, vilivyoanza Marekani mwaka 1951: kwamba ulevi wa mama sikuusababisha mimi, siwezi kuudhibiti, na siwezi kuuponya. Nilikuwa na miaka 15, na nilikuwa nimeamini yote matatu ni kazi yangu. Kisha akanisaidia kupanga ni wapi nitalala usiku ukiwa mbaya, nami nikaweka daftari na sare ya akiba kwa nyanya yangu. Kila kijana wa hao akina mama awe na nyumba kama hiyo, inayojulikana na mama mwenyewe na iliyokubaliwa naye akiwa na akili timamu, ili kwenda huko kusiwe kutoroka. Vijana waambiwe pia kwamba nambari 116 ni ya watoto, haina malipo, na inafanya kazi kwenu Tanzania na kwetu Kenya. Kwetu tuna pia 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kwa wenye shida ya pombe na jamaa zao.

Naongeza jambo moja kwa heshima. Eldoret kumekuwa na mpango wa kuwashauri akina baba wanaokunywa ili warudi kwa wake na watoto wao, ukiendeshwa na washauri wa kawaida wa mtaani, na niliposoma habari zake nilifurahi na kuumia kwa pamoja. Baba mlevi hutafutiwa njia ya kurudi nyumbani. Mamangu hakutafutiwa. Alisengenywa, akaondolewa kwenye chama cha akina mama, na wajomba wangu wakasema ametuaibisha. Alikunywa peke yake zaidi baada ya hapo. Kama mngeniuliza ni nini kingemsaidia kunilea, ningesema ni wanawake sita waliokaa naye kila Alhamisi.

MzeeWaUsharika

Mwanangu wa Kiambu, pole sana. Nimeyasoma uliyoyaandika, na nimesoma habari ya ufunguo, na kwa kweli katika vikao vyangu vyote vya miaka 22 hatukuwahi kumwita mtoto na kumuuliza anakolala.

Bado naamini lengo ni kuacha, na nadhani hakuna aliyelipinga. Lakini kuhusu kusubiri, narudisha neno langu. Usharika wetu umewahi kumtenga mama kama huyo na meza ya Bwana kwa mwaka mzima. Hakuna aliyekwenda kuona watoto wanakula nini.

Nina jambo moja la kusaidia, maana mimi ni mtu wa mlimani na mama yangu alikuwa mpishi wa mbege hadi alipozeeka. Kazi ya mbege ina sehemu nyingi, na pombe haimo katika zote. Kuotesha ulezi na kutengeneza kimea ni kazi yenye soko lake, kwa kuwa wapishi wengi hununua kimea badala ya kukitengeneza. Mama mmoja akiwaoteshea wenzake ulezi, akaukausha na kuusaga, anabaki katika biashara anayoijua, anapata fedha ya sare, na hakuna anachoonja. Wengine wanaobaki kupika wanaweza kumpa mtu mwingine kazi ya kuonja na ya kuwanywea wateja. Zamani haikuwa lazima aonje mpishi mwenyewe, na mume au shemeji aliweza kufanya hivyo. Mtaji wa ulezi si mkubwa. Mkiwa na VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, katika kata, nitakuwa tayari kuwadhamini wawili wa kwanza.

MhudumuWaKata

Nimesoma kila neno, mengine nimeyasoma mara mbili, na nimeyaandika kwenye daftari la kikundi.

Leo asubuhi nimekwenda kwa wale mama wawili wa gongo. Mmoja amekubali twende hospitali ya wilaya Jumatatu, na dada yake atakaa na watoto. Wa pili amekataa, ila ameniambia mwenyewe, bila mimi kumuuliza, kwamba asubuhi hutetemeka na kwamba mwaka jana alianguka jikoni. Nimemwomba asiache ghafla na asipunguze kwa nguvu zake mwenyewe hadi tutakapopata daktari, na alishangaa sana kusikia hivyo kutoka kwa mtu aliyedhani amekuja kumkemea. Nitarudi kwake Jumatano.

Kwa yule kijana wa miaka 14, afisa ustawi wa jamii amekubali kuja, na mama yake amesema atakwenda naye kilabuni. Ameomba iwe saa 3 asubuhi, na sasa naelewa kwa nini alichagua saa hiyo.

Alhamisi tutaanza na jambo la kutowatuma watoto pombe, kama ulivyoomba, ndugu yangu wa Kiambu. Kisha kila mmoja atatafuta saa yake safi. Mama mwenye wiki 11 nimemsomea habari ya ufunguo kwa ruhusa niliyoiona ndani ya maneno ya MamaAliyerudi mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa anachambua maharage, halafu akaniambia kwamba binti yake hakuwa na ufunguo. Nyumba yao haina kufuli. Alikuwa analala ameegemeza mgongo mlangoni, kwenye mkeka, na mama alikuwa anamruka akitoka.

Ameniuliza ataanza vipi kumshukuru kwa hilo. Nikamwambia kwamba sijui maneno, lakini nitakaa naye hadi tuyapate. MamaAliyerudi, kama bado uko hapa, naomba uniandikie ulisemaje kuhusu lile la mwalimu.

MamaAliyerudi

Nipo, mdogo wangu. Nilimwambia hivi, akiwa anapiga pasi sare yake na hanitazami: "Ulimwambia mwalimu kwamba nina malaria. Ulidanganya kwa ajili yangu, na halikuwa jukumu lako. Ahsante, na usifanye tena, kwa sababu kuanzia sasa nitakwenda shuleni mwenyewe." Hakusema neno. Ijumaa ile kulikuwa na kikao cha wazazi, nikaenda, nikaketi mstari wa mbele, na yeye alipita dirishani mara tatu kuangalia kama bado nipo.